Bia nyeusi ya asilimia 10: kahawa imetoka wapi, na moto wa kooni ni wa nini?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina mgahawa mdogo hapa Jinja. Shemeji yangu aliporudi kutoka Uingereza alituletea chupa mbili ndogo za bia nyeusi tii, na lebo inasema kilevi ni asilimia 10. Moja tuliifungua palepale ilipotoka kwenye friji, ikiwa baridi kabisa. Mwanzoni nilisikia uchungu mtupu. Glasi ilipokaa mezani kwa muda, nikaanza kusikia kahawa, chokoleti na kama zabibu kavu, kisha koo likapata moto. Je, wametia kahawa na chokoleti humo ndani? Mbona Guinness yetu nayo ni nyeusi lakini haiko hivyo? Nitajuaje kama chupa ya namna hii ni nzuri au imeharibika? Shangazi anasema inaongeza damu. Chupa ya pili bado ninayo.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Umeonja vizuri kuliko unavyodhani. Uchungu kwanza, kahawa na chokoleti baadaye, zabibu kavu mwishoni: hivyo ndivyo bia hii inavyojifungua kadiri inavyopata joto. Wengi huishia kwenye ule uchungu wa mwanzo, wakaisukuma glasi kando na kusema imeungua.

Kabla ya yote, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyafunga kwa kamba moja: weusi na ukali. Weusi wa bia unatokana na moto uliopita kwenye nafaka. Ukali, yaani kilevi, unatokana na wingi wa sukari iliyoliwa na hamira. Jambo moja halileti lingine. Guinness ya bomba wanayokunywa Dublin ni nyeusi, na kilevi chake ni kama asilimia 4.2 tu, chini ya Nile Special inayotengenezwa hapo ng'ambo ya mto kwenu, Njeru, ambayo ni asilimia 5.6. Duvel ya Ubelgiji nayo ina rangi ya dhahabu, ukiiona mezani utadhani ni lager ya kawaida, kumbe ni asilimia 8.5. Katika chupa ya shemeji yako mambo haya mawili yamekutanishwa kwa makusudi, moto mwingi na sukari nyingi, na kazi ya fundi ni kuyafanya yavumiliane. Jina la kawaida la aina hii ni stauti ya imperiali. Nyingi huwa kati ya asilimia 8 na 12.

Tuanze na moto, kwa sababu humo ndimo kahawa yako ilimotoka.

Bia huanza na shayiri iliyoloweshwa, ikaachwa ichipue siku chache, kisha ikakaushwa. Hicho ndicho kimea. Kimea cha bia za kawaida hukaushwa kwenye joto la nyuzi 80 hivi, nacho hubaki na rangi ya majani makavu. Sasa chukua sehemu ya kimea hicho, ukitie kwenye pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, na upandishe joto hadi nyuzi 200 na zaidi. Ukikitoa mapema, unapata kile ambacho watengenezaji wa bia hukiita kimea cha chokoleti. Kimeitwa hivyo kwa rangi yake, na hakina hata punje ya kakao. Ukikiacha kiendelee kidogo, unapata kimea cheusi chenye harufu ya kuungua na uchungu unaoshika pembeni mwa ulimi. Shayiri ambayo haikuchipuzwa nayo hukaangwa vivyo hivyo, na ndiyo inayoipa Guinness ule uchungu mkavu wa kahawa isiyo na sukari.

Kwa hiyo kahawa inaweza kusikika bila kutiwa. Wewe uko Uganda, nenda kwa yeyote anayekaanga kahawa ya Bugisu kutoka Mlima Elgon umwombe akunusishe punje mbichi. Utasikia harufu ya majani, pengine ya njegere. Harufu ya kahawa inazaliwa kwenye kikaango, pale sukari na protini za punje zinapokutana na joto kali. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza tukio hili mwaka 1912 na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Shayiri nayo ina sukari na protini, inapandishwa hadi joto linalokaribiana na lile la kahawa, na inazaa harufu nyingi zilezile. Kakao ya Bundibugyo hupitia njia hiyohiyo kabla ya kuwa chokoleti. Pua yako haikukudanganya. Ilitambua vitu vitatu vilivyopitia moto wa aina moja.

Wapo, hata hivyo, wanaotia kahawa kweli. Kiwanda cha Founders kule Michigan, Marekani, kina bia inayoitwa Breakfast Stout yenye kahawa, chokoleti na shayiri-oti, na lebo inasema wazi. Njia ya kuzitofautisha mdomoni ni hii: kahawa iliyotiwa hukupokea puani mara tu unapomimina, mbele ya kila kitu, na hufifia chupa ikikaa miezi kadhaa. Kahawa ya kimea hukawia. Huja baada ya kumeza, ikabaki nyuma ya ulimi, na haina haraka ya kuondoka. Kwa unavyoeleza, yako ni ya kimea. Soma orodha ya viambato ya ile chupa iliyobaki. Kama kuna maji, kimea, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na hamira peke yake, ujue kila ulichosikia kilitoka kwenye nafaka, hamira na muda.

Mimi nina msimamo kuhusu hili. Siku hizi viwanda vidogo vya Marekani na Ulaya hutia vanila, nazi, karanga, hata keki nzima ndani ya bia nyeusi. Vanila yetu ya Uganda inanunuliwa duniani kote, na nafurahi ikipata soko, na kiasi kidogo chake huifanya chokoleti ya kimea isimame vizuri. Lakini bia inayohitaji vitu vyote hivyo ili inukie chokoleti ni bia ambayo fundi wake hakuiamini nafaka yake. Kimea kilichokaangwa kwa uangalifu kinatosha.

Na usidhani nafaka ya kukaangwa ni jambo la ughaibuni. Wanaotengeneza ajono kule Teso, ambayo sisi Kampala tunainywa kwa mirija mirefu na kuiita malwa, hufanya hivyo tangu enzi. Unga wa ulezi hukandwa kwa maji, ukavundikwa kwa siku kadhaa, mara nyingi ndani ya shimo ardhini, kisha hutolewa na kukaangwa kwenye bati kubwa juu ya moto wa kuni hadi uwe na rangi ya kahawia, halafu huanikwa juani. Baada ya hapo ndipo huchanganywa na maji na kimea cha ulezi ili uchachuke. Ile harufu ya mkate uliobabuka unayoisikia kwenye malwa nzuri, maji ya moto yanapoongezwa kwenye chungu, ni ndugu wa kwanza wa harufu ya bia yako. Kina mama wa Soroti na Kumi wanajua kwa macho na pua ni wakati gani wa kuuondoa unga motoni, na wakichelewa kidogo ladha inageuka kuwa majivu. Huo ndio ujuzi uleule anaouhitaji mkaangaji wa kimea.

Huko London mambo yalibadilika mwaka 1817. Kabla ya hapo bia nyeusi za mji ule, zilizoitwa porta, zilipata rangi kutoka kwa kimea cha kahawia kilichokaushwa kwa moto wa kuni, na kimea hicho kilitoa sukari kidogo kwa gharama kubwa. Watengenezaji walipoanza kutumia vipimo vya kupima uzito wa maji ya kimea waliiona hasara hiyo kwa macho yao. Mwaka 1817 Daniel Wheeler akapewa hataza ya pipa la kukaangia kimea bila kukigeuza kuwa mkaa. Kuanzia hapo, bia ingeweza kutengenezwa kwa kimea cheupe chenye sukari tele, na kimea cheusi kidogo kikatosha kutia rangi na ladha. Mpango huo ndio unaotumika mpaka leo: katika bia kama yako, nafaka nyeusi kwa kawaida ni sehemu ndogo tu ya nafaka yote, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 15. Zaidi ya hapo utakunywa makaa.

Sasa tuje kwenye ukali.

Ukiloweka kimea kilichosagwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 kwa saa moja, wanga wake unageuka sukari, nawe unapata maji matamu. Lita moja ya maji hayo kwa lager ya kawaida huwa na uzito wa gramu 1,045 hadi 1,050. Kwa stauti ya imperiali lita moja ina gramu 1,090 na kupanda. Tofauti hiyo yote ni sukari. Kuipata kunahitaji karibu mara mbili ya kimea kwa maji yaleyale, na wengine huyachemsha kwa saa mbili au tatu ili yazidi kuwa mazito. Hapo ndipo gharama ya chupa ile ndogo inapotoka, na ndiyo maana viwanda vikubwa haviipendi sana kazi hii.

Kisha hamira inaingia, inakula sukari na kutoa kilevi, lakini haili yote. Lager inaishia kwenye gramu 1,010 hivi kwa lita. Bia yako huenda iliishia kwenye 1,020 au 1,030. Sukari iliyobaki ndiyo ule uzito ulioujaza mdomo wako, na ndiyo iliyougeuza uchungu wa kuungua ukawa chokoleti. Zingatia hili, kwa sababu ndicho kiini cha swali lako kuhusu Guinness. Nafaka ya kukaangwa ikiwa ndani ya bia nyepesi na kavu, utasikia kahawa nyeusi. Nafaka hiyohiyo ikiwa ndani ya bia nzito yenye utamu, utasikia chokoleti ya kupikia na sukari iliyoungua. Guinness ya chupa inayotengenezwa Port Bell ni kali kuliko ile ya bomba ya Dublin, lakini haikaribii asilimia 10, na imekusudiwa kumalizika kavu ili mtu aagize nyingine. Yako imekusudiwa kukaa mdomoni.

Utamu wote huo ungechosha kama usingekuwa na wa kuushika. Wanaoushika ni wawili: uchungu wa nafaka nyeusi na uchungu wa hopsi. Kwenye vipimo vya uchungu ambavyo watengenezaji wa bia hutumia, lager nyingi huwa kati ya 10 na 25, na stauti ya imperiali ni kati ya 50 na 90. Ukiambiwa namba hiyo utaogopa, lakini mdomoni huisikii hivyo, kwa kuwa sukari inaifunika. Glasi ikiwa baridi sana, ulimi hausikii utamu vizuri na harufu hazipandi, uchungu unabaki peke yake mbele. Hilo ndilo lililokukuta mwanzoni.

Zabibu kavu zina asili mbili. Ya kwanza ni aina nyingine ya kimea, ambacho hupashwa moto kikiwa bado kibichi hadi sukari iliyo ndani ya punje inaungua humohumo. Chenye rangi nzito hutoa ladha ya zabibu kavu, tende na sukari guru. Ya pili ni umri. Bia kali ikikaa, hewa kidogo iliyomo chupani huibadilisha polepole, na katika bia nyeusi mabadiliko hayo huanza kwa sura ya matunda makavu.

Na moto wa kooni? Kilevi cha asilimia 10 lazima usikie joto lake. Swali ni joto la namna gani. Joto zuri huja baada ya kumeza, likashuka kifuani na kutulia. Joto baya hupanda puani, huchoma koo wakati bado unameza, na huleta harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Hilo ni kosa la uchachushaji. Hamira ikichachusha maji yenye sukari nyingi hutoa joto lake yenyewe, na pipa linaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 27 za mchana wa Kampala, hamira iliyozoea nyuzi 18 hadi 20 inataabika na kutoa vilevi vizito vinavyochoma. Ndiyo maana huwaambia vijana wa hapa wanaoanza viwanda vidogo: bila chombo cha kupoza pipa, na bila hamira ya kutosha, usijaribu asilimia 10. Tengeneza nyeusi ya asilimia 6, ijue, ndipo upande.

Kuna jambo la maji pia, ambalo kwetu lina uzito wake. London, mji uliopata umaarufu wa bia nyeusi, una maji yenye chokaa nyingi. Nafaka iliyokaangwa ina asidi, na chokaa huituliza. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana madini machache. Ni mazuri mno kwa lager nyepesi, lakini ukiyatumia kwa bia nyeusi bila kuyarekebisha, asidi ya kimea cheusi inakosa wa kuishika, na bia inakuwa kali ya kukwaruza, kama kahawa iliyokaa jikoni tangu asubuhi. Dawa yake ni rahisi: chokaa ya kupikia bia au magadi-soda kidogo, kwa kipimo, au kutia nafaka nyeusi mwishoni mwa kuloweka badala ya mwanzoni. Ukikutana na bia nyeusi ya hapa nyumbani yenye ukwaruzo huo, shuku maji kabla ya kumshuku fundi.

Utasikia pia hadithi kwamba bia hizi zilifanywa kali ili zisigande zikipelekwa Urusi. Sehemu ya Urusi ni kweli. Kiwanda cha Thrale huko Southwark, London, ambacho mwaka 1781 kiliuzwa kwa Barclay na Perkins, kilipeleka porta kali kwa malkia Catherine wa Pili, na mwaka 1796 mchoraji Joseph Farington aliandika kwenye shajara yake kwamba alikunywa porta ya Thrale aliyoambiwa imetengenezwa kwa ajili ya malkia huyo na kwamba ingedumu miaka saba. Sehemu ya kuganda siiamini. Kinywaji cha asilimia 10 huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na baridi ya Urusi inapita hapo mbali. Tena meli zilikwenda wakati bahari ya Baltiki haijaganda. Ukali ulisaidia bia kudumu safarini na ghalani, na ladha yenyewe ilipendwa.

Sasa jinsi ya kuinywa ile iliyobaki. Itoe kwenye friji nusu saa kabla, ifike nyuzi 10 hadi 14. Iwe imesimama wima tangu siku iliyotangulia, ili machicha ya hamira yakae chini. Tumia glasi ya mvinyo kama unayo, au yoyote yenye mdomo mwembamba kuliko tumbo. Mimina taratibu kwenye ukuta wa glasi, ijae theluthi tu, na uache kidole kimoja cha bia chini ya chupa. Povu litakuwa la kahawia na huenda likatoweka upesi. Usihesabu hilo kuwa kasoro, kwani kilevi kingi hulivunja povu. Nusa kabla ya kuonja. Fundo la kwanza usilihukumu, ulimi bado unashangaa. Hukumu la pili, na baada ya kumeza funga mdomo, pumua kwa pua, ngoja. Katika bia nzuri kuna kitu kipya kinachokuja wakati huo. Katika bia mbovu kinachobaki ni kitu kimoja tu, kikirudiarudia.

Gawaneni wawili au watatu. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 10 ina mililita 33 za kilevi kitupu. Chupa kubwa ya Nile Special, nusu lita, ina 28. Udogo wa chupa unadanganya, na mtu aliyemaliza mbili akidhani ni sawa na soda mbili hapaswi kupanda hata bodaboda kama dereva. Ukiamua siku moja kuiuza mgahawani, iuze kwa glasi ndogo na umwambie mteja namba hizo kwa mdomo wako.

Kuhusu kuharibika: amini pua. Harufu ya siki maana yake bakteria wameingia. Harufu ya boksi la karatasi lililolowa maana yake hewa imeila, na hutokea sana kwa bia iliyokaa dukani kwenye joto. Ladha ya sosi ya soya ikiwa kidogo kwenye bia ya miaka mingi huvumilika, ikitawala ujue imezeeka vibaya. Majivu ya jiko, yale yanayokausha mdomo mpaka unatafuta maji, ni kosa la kukaanga au kuzidisha nafaka nyeusi. Na joto la rangi ya kucha nimeshalisema. Kwa maelezo yako sioni hata moja kati ya haya.

Shangazi mwambie kwa upole. Imani hiyo ameikuta. Mwaka 1929 Guinness wenyewe walianza kutangaza Uingereza kwamba bia yao ni nzuri kwa mwili, na hospitali za huko zamani ziliwapa stauti hata wazazi waliojifungua. Rangi nyeusi ni ya moto, kama nilivyoeleza, haina uhusiano na damu. Chuma kilichomo ni kidogo mno. Dodo (mchicha), maharage na maini vinampa chuma cha kweli. Na kwa mjamzito hakuna kiasi cha kilevi kinachojulikana kuwa salama, iwe bia nyeusi au nyeupe, kwa hiyo kama ndani ya nyumba kuna anayeshauriwa kunywa kwa sababu ya damu, mzuie leo hii na umpeleke kliniki apimwe.

Chupa ya pili unaweza kuihifadhi. Kwa ukali huo itavumilia mwaka mmoja hadi mitatu, uchungu ukipungua na zabibu kavu zikiongezeka, lakini kwa sharti la mahali penye giza na ubaridi usiobadilika. Kabati la jikoni la mgahawa wa Jinja si mahali hapo. Joto la jikoni litaizeesha kwa miezi michache. Kama huna ila friji, iweke chini kabisa, mbali na mlango, na uiandike tarehe. Kama friji imejaa soda za wateja, inywe mwezi huu.

Siku ukiifungua, usiiweke na samaki wako wa kukaanga wala chochote chenye limau. Nafaka iliyoungua na limau hugombana. Iweke na mchomo wa mbuzi wenye mafuta, kwani nyama iliyopita motoni inakutana na kimea kilichopita motoni. Nzuri kuliko yote, kwa ulimi wangu, ni gonja, yaani ndizi tamu, ya kuchoma iliyoiva hadi ganda limekuwa jeusi, ikiwa bado moto, bila chumvi. Sukari ya gonja hufanya bia ionekane kavu kidogo, na chokoleti inatoka mbele kuliko hata ukila na chokoleti yenyewe. Jaribu pia na mchuzi wa karanga kwa matoke, kijiko kimoja na fundo dogo. Kisha niandikie kama zabibu zilikuja kabla ya kahawa au baada, maana hilo litanionyesha chupa ile ina umri gani.